Shingo ya Kamera: Ilijigeuza au Iligeuzwa?

Utangulizi

Kwa kawaida kurasa hizi hubeba makala kuhusu ngeli, methali, ushairi na mbinu za kufundishia Kiswahili kwa wageni. Safari hii tumeonelea tuandike kuhusu mashine. Sababu ni kwamba muhula uliopita mashine hiyo ilitutoa jasho mbele ya watu, na tukagundua kwamba sisi walimu wa Kiswahili tunaweza kuchambua shairi la beti 40 lakini tukashindwa kueleza kitu kinachoning'inia juu ya vichwa vyetu kila siku. Kitu hicho ni kamera ya ulinzi, hasa ile inayogeuka huku na huku.

Katika makala haya tunakusudia kueleza jinsi kamera hiyo inavyogeuka kushoto na kulia, na jinsi inavyoinama na kuinuka. Aidha, tutaonyesha kwamba viambishi vya kitenzi cha Kiswahili, ambavyo wanafunzi wetu huvilalamikia kila mwaka, vilisaidia kumwokoa mtu asifukuzwe kazi.

Kisa chenyewe

Chuo chetu kiko Uganda, na kama ilivyo katika sehemu nyingi za nchi hii, askari walinzi wetu wengi wamewahi kupitia jeshini au polisi. Huko Kiswahili kimekuwa lugha ya kazi tangu enzi za ukoloni. Kwa hiyo askari wa lango la nyuma hazungumzi Kiingereza kwa raha, bali Kiswahili hukizungumza bila kusita.

Usiku wa Jumapili moja betri mbili za jenereta ziliibwa. Asubuhi iliyofuata wakubwa walifungua rekodi ya kamera inayotazama lango hilo. Kamera hiyo hufanya doria. Kwanza hutazama lango, kisha maegesho ya magari, kisha mlango wa stoo, halafu hurudi langoni. Katika rekodi ya usiku kucha, kila kamera iliporudi langoni, askari hakuonekana hata mara moja. Uamuzi ukawa karibu umekwisha kutolewa: askari aliliacha lango lake, na mkataba wake usitishwe.

Kamati iliitwa kumsikiliza. Mazungumzo yalikuwa kwa Kiingereza, nasi Idara ya Kiswahili tukaombwa kutoa mkalimani. Tulikwenda tukidhani ni kazi nyepesi. Fundi wa kamera alipoanza kueleza mhimili, gia, hatua za mota na sehemu ya sifuri, tulibaki tunasema "hii kitu inazunguka hivi" huku tukichezesha mikono. Mbele ya kamati, mkalimani mwenye shahada ya uzamili alikuwa amegeuka bubu.

Jioni hiyo tulimfuata fundi, tukamwomba atufungulie kamera mbovu iliyokuwa karakana. Yafuatayo ndiyo tuliyojifunza.

Kichwa kimoja, mihimili miwili

Tuanze na mwili wa mwanadamu. Mtu akisema "hapana" kwa kichwa, hukigeuza kushoto na kulia. Akisema "ndiyo", hukiinamisha na kukiinua. Mienendo hii miwili haifanyiki mahali pamoja. Kukubali kwa kichwa hufanyika hasa pale fuvu linapokalia pingili ya kwanza ya shingo. Kukataa hufanyika hasa kati ya pingili ya kwanza na ya pili, ambapo ya kwanza huzunguka juu ya kijiti cha mfupa kilichochomoza kutoka ya pili.

Kamera inayogeuka imejengwa kwa mpango huohuo. Ina mhimili wa kwanza uliosimama wima, kama nguzo. Mzunguko kuuzunguka mhimili huo huigeuza kamera kushoto na kulia. Ina mhimili wa pili uliolala, kama ekseli ya baiskeli. Mzunguko kuuzunguka mhimili huu huiinamisha kamera na kuiinua. Kila mhimili una mota yake. Kwa kawaida mhimili uliosimama ndio unaoubeba ule uliolala, kwa hiyo kamera ikigeuka kulia, mota ya kuinamisha nayo husafiri pamoja nayo.

Kwa mihimili hiyo miwili tu, lenzi inaweza kuelekezwa karibu popote ndani ya nusu tufe iliyo chini yake. Kamera nyingi za kuba, yaani zile zilizofunikwa kwa bakuli la plastiki angavu, huweza kuinama kutoka kwenye upeo wa macho hadi kutazama chini kabisa, yaani nyuzi 90. (Tunasema nyuzi kwa maana ya vipimo vya pembe, wanaopenda kusema digrii wasituhukumu.) Mtu akipita chini ya kamera na kutokea upande wa pili, nyingi hazipiti nyuzi 90 kwa kuinama zaidi. Zikifika chini kabisa hujizungusha nyuzi 180 kwa mhimili uliosimama, kisha huanza kuinuka upande wa pili. Kitendo hicho hufanyika haraka sana, na anayetazama kwenye runinga huona kana kwamba kamera imemfuata mtu huyo moja kwa moja.

Kwenye maboksi ya kamera hizi huandikwa herufi tatu: PTZ. Ya kwanza inahusu kugeuka kushoto na kulia, ya pili kuinama na kuinuka, na ya tatu kuvuta picha karibu kwa lenzi. Herufi ya kwanza ina historia inayoweza kuwapendeza wanaisimu. Imetokana na neno panorama, lililoundwa kwa mizizi miwili ya Kigiriki yenye maana ya "yote" na "kinachoonekana". Mwishoni mwa karne ya 18, mchoraji Robert Barker alilitumia neno hilo kwa picha zake kubwa zilizomzunguka mtazamaji pande zote. Mtazamaji alisimama katikati na kugeuza shingo. Siku hizi picha imesimama mahali pake, na anayegeuza shingo ni kamera.

Wazo la kusogeza kamera ya ulinzi kwa mota nalo si la jana. Mwaka 1966 muuguzi mmoja wa Queens, New York, aitwaye Marie Van Brittan Brown, pamoja na mumewe Albert, waliomba hataza ya mfumo wa kulinda nyumba, wakapewa mwaka 1969. Mlangoni palikuwa na matundu yaliyopangwa juu na chini, na kamera ilipanda na kushuka kwa mota ili kumwona aliyebisha hodi, awe mrefu au mfupi. Mama Brown hakutaka kumfungulia mtu kabla ya kumwona uso.

Mota inayohesabu hatua

Mota ya feni ya kawaida huzunguka mfululizo, wala haijui imefika wapi. Kamera haiwezi kutumia mota ya namna hiyo peke yake, kwa sababu inatakiwa kusimama mahali kamili. Nyingi hutumia mota ya hatua.

Ndani ya mota ya hatua kuna sumaku katikati, na pembeni kuna koili za waya zilizopangwa kwa duara. Umeme ukipita katika koili, nayo hugeuka sumaku. Saketi huwasha koili hizo kwa zamu: hii inawashwa, ile inazimwa, inayofuata inawashwa. Sumaku ya katikati huvutwa kuelekea koili inayofanya kazi, ikifika hapo huvutwa na inayofuata. Hivyo huenda hatua kwa hatua, kama mtu anayevuka kijito kwa kukanyaga mawe. Mota ya kawaida ya aina hii huwa na hatua 200 katika mzunguko mmoja, yaani nyuzi 1.8 kwa kila hatua.

Nyuzi 1.8 ni nyingi mno kwa kamera, ndiyo maana huongezwa gia au mkanda wenye meno. Tuchukue mfano. Gurudumu dogo la mota lina meno 20, nalo linavuta mkanda unaozungusha gurudumu kubwa lenye meno 100. Mota itahitaji kuzunguka mara 5 ili kamera izunguke mara 1. Kwa hiyo mzunguko mzima wa kamera ni hatua 1,000, na kila hatua ni nyuzi 0.36. Kwa kitu kilicho umbali wa meta 40, kama lango letu la nyuma, hatua moja husogeza macho ya kamera kwa sentimeta 25 hivi. Wahandisi hupunguza zaidi kwa kugawanya umeme kati ya koili mbili jirani, ili sumaku isimame katikati yake. Hatua moja ikigawanywa mara 16, sentimeta 25 huwa sentimeta 1.6 hivi.

Wasomaji walikumbuke hesabu hilo la sentimeta 25 kwa hatua. Tutalirudia langoni.

Mkanda au parafujo?

Mkanda una faida yake. Ni mwepesi, hauna kelele, na huiwezesha kamera kugeuka kwa kasi. Kamera za bei ya juu huweza kukimbilia mahali palipokaririwa kwa kasi ya nyuzi mia kadhaa kwa sekunde.

Njia nyingine ni gia ya parafujo. Hapa mota huzungusha parafujo, na meno ya parafujo husukuma gurudumu lenye meno. Kila parafujo ikizunguka mara moja, gurudumu husogea jino moja tu. Jambo la kuzingatia ni kwamba parafujo yenye meno yaliyolala vya kutosha inaweza kulisukuma gurudumu, lakini gurudumu haliwezi kuisukuma parafujo. Hata umeme ukizimwa, upepo ukavuma, au mtu akaishika kamera, kichwa hakitikisiki. Kwa sababu hiyo vichwa vikubwa vya zamani, vinavyobeba kamera nzito nje, mara nyingi vilitumia parafujo. Hasara yake ni mwendo wa pole. Vilevile meno yakilika hubaki nafasi kati yake, na kamera ikibadili mwelekeo mota huanza kuzunguka kabla kichwa hakijasogea.

Kamera ya lango letu ilikuwa ya mkanda.

Nyaya hazisokoteki?

Swali hili liliulizwa na mwanafunzi wetu wa mwaka wa pili, nalo ni zuri. Kamera ikizunguka kulia siku nzima, nyaya za umeme na picha zitasokoteka kama kamba ya ng'ombe aliyefungwa mtini. Kuna majibu mawili. La kwanza ni la kamera za bei nafuu. Hizi haziruhusiwi kuzunguka bila mwisho. Hufika karibu na nyuzi 360, zikakutana na kikomo, nazo hulazimika kurudi zilikotoka. Waya huachwa na mzingo wa ziada ili upate kujinyoosha na kujikunja.

Jibu la pili ni pete za kuteleza. Sehemu inayozunguka hufungwa pete za metali zilizopangwa juu ya nyingine, na sehemu iliyotulia huwa na brashi ndogo za metali zinazogusa kila pete. Pete huzunguka, brashi zimetulia, na umeme hupita kati yake muda wote zinapogusana. Kamera yenye pete hizi inaweza kuzunguka bila kikomo. Pete zikichakaa au zikiingia vumbi, picha huanza kukatikakatika kila kamera inapogeuka.

Amri yenye viambishi

Kamera hupokeaje amri? Nyingi za siku hizi hupokea kupitia mtandao wa kompyuta. Hata hivyo, kuna mfumo wa zamani unaoendelea kutumika, unaopitisha amri kwa nyaya mbili tu, kwa itifaki iitwayo Pelco-D. Tulipoonyeshwa muundo wake tulicheka, maana ulitukumbusha somo la mofolojia.

Amri moja ina baiti 7, nazo ni namba 7 zinazofuatana kwa mpangilio usiobadilika. Ya kwanza daima ni 255, ambayo ni kama kubisha hodi. Ya pili ni namba ya kamera inayoamriwa. Ya tatu na ya nne ndizo amri yenyewe. Ya tano ni kasi ya kugeuka, ya sita ni kasi ya kuinama au kuinuka, na ya saba ni jumla ya zile tano zilizotangulia, ukiondoa ile ya hodi. (Jumla ikizidi 255, huondolewa 256.) Kwa mfano, kuiamuru kamera namba 1 igeuke kulia kwa kasi ya 32, tunaandika:

255, 1, 0, 2, 32, 0, 35

Hesabu wenyewe: 1 + 0 + 2 + 32 + 0 = 35. Tukitaka igeuke kushoto, namba 2 inakuwa 4, na jumla inakuwa 37. Kamera ikipokea amri ambayo jumla yake hailingani, huipuuza, kwa sababu inajua njiani kuna kitu kimeharibika.

Sasa tazama kitenzi "tutaigeuza". Kina tu- ya mtenda, -ta- ya njeo, -i- ya mtendwa, -geuz- ya shina, na -a ya kiishio. Kila kimoja kina kiti chake. Ukivihamisha viti, hupati neno. Mwanafunzi anayekiona kitenzi chetu kuwa kigumu atafarijika akijua kwamba hata mashine huamriwa kwa viambishi vilivyopangwa mstari.

Kuna jambo jingine kuhusu kasi. Lenzi ikiwa haijavuta, huona eneo la upana wa nyuzi 60 hivi. Ikivuta mara 30, huona nyuzi 2 hivi tu. Kwa kasi ya nyuzi 60 kwa sekunde, upana huo wote hupitwa kwa sehemu ya 30 ya sekunde, na macho ya mtu hayaambulii kitu. Kwa hiyo kamera nzuri hupunguza kasi ya kugeuka kadiri lenzi inavyovuta.

Kamera hujuaje ilipo?

Hapa ndipo penye kiini cha makala haya. Kamera nyingi za hatua hazina jicho la kujitazama. Zinajua zilipo kwa kuhesabu tu. Umeme unapowashwa, kamera hugeuka polepole hadi iguse swichi ya kikomo, au hadi kipande kidogo kikatize mwali wa mwanga ndani yake. Hapo hujisemea kwamba hapa ni sifuri. Bila shaka mmewahi kuona kamera ikijizungusha na kujiinamisha yenyewe baada ya umeme kurudi. Hiyo ndiyo kazi inayofanya: inaitafuta sifuri yake.

Kuanzia hapo kila hatua hujumlishwa au kutolewa. Fundi akikariri vituo vya doria, hakariri picha ya lango wala picha ya stoo. Hukariri hesabu. Kwa mfano, lango ni hatua 310 kutoka sifuri, stoo ni hatua 645. Kamera ikiambiwa "nenda langoni", huenda hatua ya 310 na kusimama. Haijui lango ni nini.

Sasa, ikiwa mtu ataishika kamera kwa mkono na kuisukuma kwa nguvu, sumaku ya mota itaponyoka kwenye koili zake na kudakwa na koili za mbele. Kichwa kimesogea, lakini saketi haikutoa amri, kwa hiyo haikuhesabu. Kamera bado inaamini iko hatua ya 310. Vituo vyote vya doria vimehama kwa kiasi kilekile, na hakuna kengele itakayolia. Kamera za bei kubwa zina kihisi kinachopima mzunguko wa mhimili. Hizo zikisukumwa hutambua, zikarudi zenyewe. Ya kwetu haikuwa nayo.

Kurudi mbele ya kamati

Kesho yake kikao kiliendelea, nasi tulikuwa na maneno. Fundi akasema kwa Kiingereza kwamba huenda kamera ilihama kidogo. Tukatafsiri: "Kamera iligeuka kidogo." Askari akatuangalia, akauliza kwa Kiswahili chake cha kambini:

"Mwalimu, hiyo kamera nani aligeuza?"

Swali hilo lilitusimamisha. Kitenzi "geuka" tulichokitumia hakimtaji mtenda. Kinasema tu kwamba hali imebadilika. Kiswahili kilikuwa na maneno mengine mawili yaliyofaa zaidi, nasi hatukuyatumia. Ikiwa kamera ilijigeuza, yaani kwa mota yake na kwa hesabu yake, basi rekodi ni sahihi na askari ana kesi. Ikiwa kamera iligeuzwa, yaani kwa mkono wa mtu, basi hesabu ni mbovu na rekodi haina ushahidi wowote juu ya kibanda cha askari. Tuliligeuza swali hilo kwa Kiingereza jinsi lilivyo: nani aligeuza?

Kamati ikanyamaza. Kisha ofisa mmoja akakumbuka kwamba Ijumaa wachoraji walikuwa wakipaka rangi ukuta ule, na ngazi yao iliegemezwa karibu kabisa na kamera. Bahati mbaya kwa askari, kuanzia Ijumaa hadi Jumatatu umeme haukukatika hata mara moja. Ungekatika, kamera ingeitafuta sifuri yake upya na kujirekebisha.

Tulikwenda wote hadi ofisi ya ulinzi. Kwenye runinga, kituo cha lango kilionyesha nguzo ya kulia ya lango na ua wa michongoma. Kibanda hakikuwemo. Fundi akaizima kamera, akaiwasha. Ikajizungusha, ikajiinamisha, ikatulia. Akaiamuru iende langoni. Katikati kabisa ya picha pakaonekana kibanda cha askari na kiti chake.

Fundi alikadiria kwamba kichwa kilikuwa kimesukumwa nyuzi 10 hivi, ambazo kwa mfano wetu ni hatua 28. Zidisha kwa sentimeta 25, unapata meta 7. Picha ya kituo kile ilikuwa na upana wa meta 10 tu pale langoni, yaani meta 5 kila upande kutoka katikati. Kibanda kilikuwa nje ya picha, pamoja na mtu aliyekuwa ndani yake.

Tukumbuke pia kwamba kuzima na kuwasha kulifanya kazi kwa sababu kilichosukumwa ni kichwa. Kama wachoraji wangelikuwa wamekigeuza kikono kinachoshikilia kamera ukutani, sifuri yenyewe ingehama, na kuwasha upya kusingesaidia chochote.

Hatudai kwamba hayo yalithibitisha askari alikuwa macho usiku kucha, wala hatujui betri zilipitia wapi. Yalithibitisha kwamba rekodi haikuweza kumshuhudia, si kwa wema wala kwa ubaya. Kamati ilikubali, na askari alirudi langoni. Siku hizi tukipita anatupigia saluti, nasi tunamjibu, "Afande!"

Mafunzo kwa walimu na wanafunzi

Kwanza, wanafunzi wetu wengi huamini kwamba Kiswahili ni cha hadithi na salamu, na kwamba mashine zina lugha yao. Nchini Uganda Kiswahili kiliwekwa katika Katiba kuwa lugha rasmi ya pili mwaka 2005, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Lugha rasmi huzungumzwa katika kamati, mahakamani na karakana. Mwalimu asiyeweza kueleza gia atamwacha mtu bila utetezi, kama nusura tumwache huyu.

Pili, kamera zimekuwa nyingi. Mwezi Machi 2017, baada ya ofisa mwandamizi wa polisi, Andrew Felix Kaweesi, kuuawa kwa risasi Kampala, Rais Museveni aliagiza kamera ziwekwe mijini, na tangu wakati huo nguzo zake zimeenea barabarani. Kadiri kamera zinavyoletwa kama ushahidi, ndivyo tunavyohitaji watu wanaoweza kuuliza kwa lugha inayoeleweka: kamera hii ilikuwa imeelekea wapi, na tunajuaje?

Tatu, tufundishe kauli za vitenzi kwa vitu vinavyosogea. Tunapendekeza zoezi hili darasani. Leta feni ya mezani inayogeuza kichwa. Iwashe, na wanafunzi waandike sentensi kwa "geuka", "geuza", "geuzwa", "jigeuza", "inama", "inamisha", "inamishwa" na "inuka". Kisha mwanafunzi mmoja akishike kichwa cha feni na kukisogeza kwa mkono, na darasa liandike upya. Mwisho kila mmoja aeleze kwa aya moja ni sentensi ipi kati ya zake ingemtia mtu hatiani, na ipi ingemwokoa.

Tumelijaribu zoezi hili kwa darasa la mwaka wa kwanza. Darasa lilipokwisha hakuna aliyetuuliza tena kiambishi -ji- kina kazi gani.